Nani Steringi Hapa?

Siku ya kuniaga, vijana wa ofisini walinizungushia maswali kabla pilau haijafika. Mmoja akauliza, "Mama Tumpe, kazi gani ilikuwa ngumu kuliko zote?" Walitegemea nitaje barabara ya Chunya wakati wa mvua, au jenereta kugoma uwanja ukiwa umeshajaa watu. Nikawaambia: kumpata adui. Wakacheka, wakadhani ustaafu umeshanipanda kichwani. Basi naandika haya, maana wao ndio wanaobaki na projekta, na iko siku watamtafuta adui kijiji kizima wasimpate.

Nianze na maneno ya kazi, kwa ambao hawakukulia kwenye vibanda vya video. Steringi ni yule anayeibeba filamu, anayepigwa mwanzoni na kushinda mwishoni. Adui ni anayemsumbua. Na kanuni moja kila mtoto wa Mbeya aliijua kabla ya kujua kusoma: steringi hafi. Anaweza kuchomwa kisu, kutupwa mtoni, kufungiwa ndani ya nyumba inayoungua. Hafi. Kanuni hiyo ilinisumbua kazini miaka mingi, na mwisho ndiyo iliyonisaidia.

Nilianzia kwenye ukumbi wa sinema Mbeya mjini. Mwenyewe alikuwa mzee wa Kihindi tuliyemwita Babu Gulam, mtu mkali kwa vumbi kuliko kwa watu. Siku ya kwanza alinipa kitambaa laini nifute lenzi, akaniambia nibane pumzi wakati nafuta. Nilibana mpaka machozi yakanitoka. Filamu ilipoanza nikageuka kutazama, kama mtu yeyote ambaye angekuwa ameingia bure. Akanishika bega akanigeuza, mgongo kwenye pazia, uso kwa watu.

"Filamu mimi nimeona," alisema. "Watu ya leo sijaona. Tazama wao."

Sikuelewa, lakini nilitii kwa sababu kazi nilikuwa naihitaji. Baada ya muda nikawa najua filamu nzima kwa kutazama nyuso: hapa wanakunja miguu, hapa akina mama wanaacha kutafuna karanga, hapa vijana wanaanza kupiga miluzi. Kama kuna kitu kimoja nataka mkichukue kutoka kwangu ni hicho. Nawaona siku hizi mkishabonyeza kitufe mnainamia simu. Watu wanalia mbele yenu, ninyi hamna habari.

Video zikaingia, sinema ikafa, ukumbi ukawa kanisa. Viti vilibaki vilevile. Mimi nikasikia kuna shirika Iringa linatafuta mtu anayeweza kuendesha projekta na kulala popote bila kunung'unika. Ofisi yao ilikuwa Ipogolo, karibu kabisa na barabara kuu, mkutano ukisimama kila lori la Zambia lilipopita likiunguruma. Kazi yao ilikuwa kuzungusha filamu fupi vijijini, Iringa na Mbeya yote, kisha watu wakae wazungumze juu ya walichokiona: mirathi, maradhi, ardhi, uchaguzi, na mambo mengine ambayo mtu hathubutu kumwambia jirani yake usoni lakini atayasema vizuri tu akiwa anamsema mtu wa kwenye filamu.

Huko nikamkuta Ambwene. Alikuwa ametokea Makongolosi, kwenye machimbo ya dhahabu, ambako alikuwa akitafsiri filamu kwenye kibanda cha video. Anakaa pembeni na kipaza sauti, filamu inazungumza lugha yake, yeye anaimwaga kwa Kiswahili, sauti za wote, wanaume kwa wanawake. Lugha zenyewe hakuzijua. Nilipomuuliza anatafsirije asichokielewa, alinitazama kama mtu aliyeulizwa anapumuaje.

"Dada Tumpe, mtu akikasirika si unamwona? Basi mengine unamsaidia."

Shirika lilimchukua kwa kuwa nusu ya filamu zake zilikuja na lugha za watu. Alikuwa mnene, mwoga wa baridi, na kila akipewa chai alisema "ndaga fijo", asante sana ya Kinyakyusa, kwa sauti ya mtu aliyepewa ng'ombe. Nimefanya naye kazi mpaka alipofariki, na hakuna siku sijamkumbuka nikishika kipaza sauti.

Safari yetu ya kwanza ngumu ilikuwa hukohuko kwao Makongolosi. Tulipeleka filamu ya maradhi yale ambayo wakati ule watu waliyataja kwa mafumbo. Dereva mmoja, kijana mzuri, anapata maradhi, anakonda, anakufa katikati ya filamu, na nusu nzima iliyobaki ni maziko na mafunzo. Waliotunga walidhani kifo kitawatisha watu. Alipokata roho tu, ukumbi ukalipuka.

"Mmekata mkanda! Steringi hafi bwana!"

Nikaeleza kwamba mkanda ni mzima. Hawakukubali. Filamu ilipoisha nikauliza swali nililofundishwa ofisini: mmejifunza nini? Akasimama mchimbaji mmoja, mtu mtulivu kabisa, akawasuluhisha wenzake. Akasema aliyekufa hakuwa steringi, watu walikosea kumtambua. Steringi alikuwa yule mwenye baa, kwa sababu kazunguka na wanawake wote wa filamu nzima na mpaka mwisho kasimama, na shati lake jeupe. Wakampigia makofi. Sasa mwenye baa ndiye aliyeleta maradhi pale mtaani! Nikazima kipaza sauti, nikaanza kukunja nyaya.

Asubuhi yake Ambwene alikuwa hajala, jambo ambalo kwake lilikuwa dalili mbaya. Akasema, "Sisi tumeleta ushauri, wao wamemfuata steringi. Tusipowauliza wamemwona nani, tutakuwa hatujui wameondoka na nini." Tangu hapo tukawa tunasimamisha filamu kabla haijafika mwisho, tunawasha taa, na kuuliza jambo moja tu: nani steringi hapa? Msiulize watu wamejifunza nini. Ukiuliza hivyo watakujibu kama wako darasani, watasema yote unayotaka kuyasikia, na watakwenda nyumbani kama walivyokuja. Waulize steringi ni nani. Hapo watagombana, na ugomvi wenyewe ndio majadiliano.

Usangu nusura ugomvi huo utushinde. Filamu ilikuwa ya ng'ombe walioingia kwenye mpunga. Wakulima, Wasangu wengi wao, walikaa upande mmoja wa uwanja. Wasukuma wenye mifugo, ambao wazazi wao walihamia kutoka kaskazini, wakakaa upande wa pili, na katikati kukabaki njia pana utadhani gari litapita. Nilipouliza nani steringi, upande huu ukapiga kelele mkulima, upande ule mfugaji, na fimbo zikaanza kunyanyuka. Akasimama mzee mmoja wa Kisukuma, taratibu, kofia mkononi.

"Steringi ni ng'ombe," alisema. "Mkulima kapigwa, mfugaji kapigwa, diwani kakimbia. Ng'ombe ndo hajaguswa."

Watu walicheka pande zote mbili, na baada ya kicheko mtu mmoja akauliza, sasa huyo steringi anywe wapi? Wakazungumzia maji mpaka kiza kikaingia. Hatukuleta amani, tusijisifu. Mwaka uliofuata walipigana tena. Lakini niliona kwa macho yangu neno lile linavyoweza kuwageuza watu shingo.

Sasa nifike Igowole.

Shirika lilikuwa limechoka na filamu za kuagiza, likaamua tutengeneze zetu, na wanakijiji wenyewe wacheze. Tukapewa mpiga picha kijana na kamera ndogo, tukapandishwa Mufindi, kwenye kijiji kimoja jirani na Igowole. Baridi ya huko mnaijua. Mwenyekiti wa kijiji alitupokea vizuri kwa salamu ya huko, "kamwene, kamwene," kisha akauliza filamu yetu kama ina siasa. Ambwene akamjibu, "Ina miti, mwenyekiti." Akaridhika. Mtu wa Mufindi, ambako miti ndiyo mali na ndiyo ugomvi, kuridhika na jibu hilo, mpaka leo kunanishangaza.

Hadithi waliitunga wenyewe, sisi tukaandika. Mwanamume anafariki, anaacha mke na shamba la miti ya mbao. Wifi anataka mjane afukuzwe na miti ikatwe. Shemeji, mdogo wa marehemu, anasimama kumtetea. Steringi akawa shemeji. Ikaja siku ya kugawa nafasi, na hapo ndipo mtaelewa nilichowajibu siku ya pilau. Wanaume wote walitaka usteringi. Uadui hakuna aliyeutaka. Mwanamke mmoja nilimbembeleza awe wifi, akasema, "We mama, nikishacheza hivyo, kisimani nitachota na nani?" Mwingine alikubali, akaenda nyumbani, akarudi na mume wake kuja kukataa.

Mchana, tunakula viazi na maharage, akaja kukaa karibu nami mama mmoja mwembamba, kilemba cheusi. Nilishamwona asubuhi, alikuwa hajasema neno. Akajitambulisha kuwa Mama Skola.

"Dada, yule mwenye koti la ngozi anayetaka usteringi, unamjua?"

Nilimjua kwa jina, Vitus. Alikuwa na sauti nzuri ya kwaya na sura ya kamera.

"Ni shemeji yangu," akasema. "Mume wangu nimemzika mwaka jana. Ameniachia shamba la miti pale bondeni, hana kingine alichoacha. Vitus ameshaleta wanunuzi mara mbili. Miti ameshaipiga rangi. Kikao cha ukoo kinakaa wakishavuna, na mimi wameshaniambia nianze kufikiria kwetu."

Alisema yote hayo huku anamenya kiazi. Ofisi ya kijiji alishakwenda, wakamwambia asubiri kikao. Watoto walikuwa bado wanasoma. Nikapandwa na hasira, nikasema basi tumtoe Vitus, hafai hata kushika mwamvuli wa kamera.

"Hapana. Mpe."

"Nimpe usteringi?"

"Mpe. Na mimi nipe wifi, si umekosa adui?"

Ambwene, aliyekuwa amejifunika blanketi upande wa pili, alianza kucheka mpaka akapaliwa na kiazi, tukampiga mgongoni. Alikuwa ameelewa kabla yangu. Akamuuliza Mama Skola tutapigia wapi picha za shambani. "Kwangu," akajibu, "miti ipo."

Tukashuka bondeni. Shamba lilikuwa zuri, miti mirefu iliyonyooka, na kila mti una mstari wa rangi nyekundu usawa wa kifua. Mpiga picha, ambaye habari hizi zote hakuwa nazo, akalalamika kwamba rangi zinaharibu picha, miti inaonekana imeshauzwa. Nani atazitoa? Vitus alikuwa ameshavaa, kachana nywele, anataka tuanze. Akachukua panga, akazikwangua rangi mwenyewe, mti mmoja baada ya mwingine, akituharakisha tusiache jua likapotea. Mama Skola alisimama kando, kanga ya wifi begani. Sikuthubutu kumtazama Ambwene.

Picha kubwa ilikuwa ya wifi na shemeji wakibishana juu ya mjane mbele ya watu. Maneno tulikuwa tumewaandikia. Mama Skola aliyaanza vizuri, kisha akayaacha. Akamsogelea Vitus, kidole usoni, akatoa sauti ambayo siku zote mbili hatukuwahi kuisikia.

"Mwanamke huyu alikuja na mche gani kutoka kwao? Hebu taja! Alikuja na mche gani?"

Waliokuwa wanatazama wakainamisha vichwa, hata watoto. Baadaye nililetewa habari: maneno hayo Vitus aliyasema mwenyewe, kwenye msiba, mjane akiwa bado amekaa chini kwenye mkeka. Kijiji kizima kiliyasikia siku hiyo, na hakuna aliyejibu.

Vitus alifungua mdomo. Kwenye karatasi alitakiwa kusema kuhusu sheria. Hakusema. Nakumbuka nilisikia aibu kwa niaba yake, ingawa nilikuwa sijampenda. Kamera ilikuwa inakwenda.

"Walipanda wote," akasema mwisho, taratibu. "Yeye na kaka. Nilikuwepo, nilikuwa nabeba maji."

Mpiga picha akapiga kelele ya furaha, akasema hajaona mwigizaji kama huyo. Vitus akaomba maji ya kunywa, akaenda kukaa peke yake kwenye gogo. Mimi ningekuwa nadanganya nikisema najua alikuwa anafikiri nini.

Tulionyesha filamu Igowole, mchana, kwenye ghala la ushirika. Madirisha tuliyaziba kwa mablanketi ya watazamaji wenyewe, na malalamiko ya baridi yalichukua muda mrefu kuliko hotuba ya mwenyekiti. Ghala lilijaa mpaka watu wakapanda juu ya magunia. Vitus alikaa mbele na koti lake, ukoo mzima nyuma yake. Mama Skola alisimama mlangoni. Alipotokea kwenye pazia akifoka, akina mama walimzomea mpaka nikamhurumia, lakini niliposimama mgongo kwa pazia kama nilivyofundishwa, nilimwona yuko shwari, mikono kifuani, anasubiri.

Tukasimamisha filamu. Ambwene akachukua kipaza sauti.

"Nani steringi hapa?"

"Vitus!" Ghala zima.

"Aa, sijasikia."

"Vituuus!"

"Na steringi anaifanya nini miti ya shemeji yake?"

"Haigusi!"

"Tumuulize mwenyewe," akasema Ambwene, akamsogezea kipaza sauti.

Vitus akasimama. Aligeuka, akawaona wazee wa ukoo, akamwona mwenyekiti, akaona watoto waliokuwa wanamtazama kwa mapenzi ambayo nadhani hajawahi kutazamwa nayo maishani. Akamwona na Mama Skola mlangoni. Jasho lilimtoka, kwa baridi ile.

"Haigusi," akasema.

Kikao cha ukoo kilikaa baada ya mavuno, kikazungumzia mipaka na mahari ya binti mmoja, na habari ya miti haikutajwa. Wanunuzi walirudi na lori. Walipouliza anapokaa Vitus, watoto wakawauliza, "Steringi?" wakawasindikiza kwa nyimbo mpaka kwake, wakaimba pale uani muda wote wa mazungumzo. Lori lilishuka tupu. Filamu tuliizungusha Mufindi yote na Iringa mjini, na Vitus akienda popote aliitwa hivyohivyo. Aliwahi kuja ofisini Ipogolo kulalamika kwamba tumemharibia jina. Ambwene alimpa chai, akamuuliza ni jina gani aliloharibiwa. Akanywa chai, akaondoka.

Mwezi mmoja kabla ya kustaafu nilipanda Igowole mara ya mwisho. Ambwene hayupo, nilikwenda peke yangu. Mama Skola ameshavuna nusu ya miti, watoto wamemaliza shule, na palipovunwa ameotesha mingine. Tulikaa uani na chai. Shambani kule chini tulimsikia mwanamume anafukuza mbuzi wa watu kwa matusi makubwa.

"Nani huyo?"

"Si Steringi wenu? Kila siku yuko humo. Mtu akiokota hata kuni anamkimbiza."

Nimeandika ripoti nyingi katika kazi hii, na zote zilikuwa na sehemu ya kujaza kama jamii imebadilika. Swali hilo sikuwahi kumuuliza mtu aliyehusika mwenyewe. Nikamuuliza yeye: Vitus alibadilika kweli, au tulimbana tu mbele za watu akakosa pa kutokea?

Mama Skola alinitazama, akaniongezea chai.

"Dada Tumpe, mimi nilitaka miti yangu. Moyo wake ningeuweka wapi?"